Madaktari Tulipokuwa Tukisubiriana

Ukimuuliza daktari yeyote wa hospitali ya rufaa ya mkoa kwa nini wagonjwa wanakaa sana wodini, atakujibu hujamaliza swali: tuko wachache. Nami nimejibu hivyo miaka mingi, na si uongo. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilisema mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama wanaoweza kuumudu, ikaweka lengo la angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030. Mabingwa wote wa hospitali yetu tukikusanyika tunaenea kwenye Noah moja, na kondakta akipiga debe bado atapata abiria wengine.

Shida ya jibu hilo ni kwamba linafunga mazungumzo. Ukishasema tuko wachache, kilichobaki ni kuiandikia wizara na kusubiri. Hakuna anayeuliza hao wachache waliopo wanapotezaje saa zao, wala mgonjwa anapoteza wapi zake. Mimi nililazimika kuuliza kwa sababu ya miguu.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, kwa hiyo wagonjwa wa kisukari ni wangu. Kisukari kikikaa mwilini bila kudhibitiwa kinaua neva za nyayo. Mtu anakanyaga msumari, au kiatu kipya kinamchubua, au anaota moto mguu ukiwa karibu mno na jiko, na hasikii chochote. Anakuja kugundua soksi ikilowa, au mjukuu akilalamika harufu. Huyo akifika mapokezi ya dharura, swali linalozuka si anaumwa nini. Swali ni: wa nani? Daktari wa upasuaji anasema sukari iko juu, mpelekeni kwa wa ndani. Wa ndani anasema hicho ni kidonda chenye usaha, kinahitaji kisu. Wote wawili wana haki, na mgonjwa yuko kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido.

Namkumbuka mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyetoka wilaya ya mbali kabisa ya mkoa wetu. Alilazwa wodi ya upasuaji Jumatatu, kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi. Kwenye faili daktari wa upasuaji aliandika vizuri tu: aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani. Mimi nilikuwa jengo la pili, hatua chache kutoka hapo, sina habari. Jumatano nilipita wodini kwao kwa shughuli nyingine kabisa, sista akaniita: "Dokta, barua yako iko hapa tangu juzi." Faili lilikuwa limewekewa mashine ya presha juu yake.

Nikalifungua. Sukari yake ya Jumatatu ilikuwa 19. Siku iliyofuata aliwekwa kwenye orodha ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi akaahirisha kwa sababu ya sukari hiyo hiyo, akaandika: ishushwe kwanza. Daktari wa upasuaji akaelewa kwamba mimi ndiye ninayechelewesha. Mtaalamu wa usingizi akaelewa kwamba nimeshaanza kumtibu. Mimi nilikuwa sijui kama mgonjwa huyo yupo duniani. Kila mmoja wetu alikuwa ametimiza wajibu wake kwenye karatasi.

Nikaanza insulini siku ile. Alhamisi sukari ilikuwa inakubalika, akarudishwa kwenye orodha, akakatazwa kula tangu saa sita usiku. Asubuhi ikaingia operesheni ya kumtoa mtoto, ikafuata nyingine, kisha nyingine tena. Chumba cha upasuaji tulichokuwa nacho kinachofanya kazi kilikuwa kimoja, na mama anayetaka kujifungua hawezi kuambiwa asubiri. Saa tisa alasiri yule mchuuzi akaambiwa ale, atapasuliwa kesho. Mgonjwa wa kisukari, amechomwa insulini jana yake, hajatia kitu mdomoni tangu ugali wa usiku. Binti yake alikuwa amekaa sakafuni na kichupa cha uji tangu asubuhi, uji umeshaganda. Aliniuliza, "Baba, kwani mkisema hapana mapema kuna ubaya gani?" Sikuwa na jibu.

Alipopasuliwa hatimaye, usaha ulikuwa umeshatambaa chini ya unyayo. Alipoteza vidole vitatu. Siwezi kuapa kwamba angepasuliwa Jumanne angepoteza kimoja tu, kwa sababu mguu wa kisukari una siri zake. Ila najua usaha hauna mazoea ya kungoja faili.

Mabadiliko yetu hayakuanzia kwa mkurugenzi wala kwenye waraka. Yalianzia kantini. Yule daktari wa upasuaji, mwenzangu wa siku nyingi, alikuja kukaa mezani kwangu amekasirika, akidhani namhujumu. Tulipomaliza kurushiana maneno akageuza fomu ya maabara upande wa nyuma, tukachora safari ya yule mama kuanzia geti hadi kisu. Tulihesabu ni mara ngapi alikabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na ni mara ngapi waliokabidhiana walisemezana kwa mdomo. Hawakusemezana hata mara moja. Kalamu ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

Tukakubaliana jambo dogo: kila Alhamisi asubuhi tutakaa chumba kimoja. Si yeye chumba chake na mimi changu, na mgonjwa katikati akibeba faili. Chumba kimoja, meza moja, na sista wa kusafisha vidonda.

Asiyewahi kuona kliniki ya namna hiyo anaweza kudhani ni anasa, mabingwa wawili kwa mgonjwa mmoja wakati nje kuna foleni. Lakini angalia inavyokwenda. Mzee anavua viatu, sista anakagua ndani ya kiatu kwanza, na mara nyingi anatoa kokoto au kichwa cha msumari ambacho mwenye kiatu hakujua kimo. Anamwambia afumbe macho, anamgusa unyayo kwa uzi wa nailoni, sehemu moja baada ya nyingine: "Unasikia?" Mzee anajibu ndiyo wakati uzi haujamgusa. Daktari wa upasuaji anapapasa mshipa juu ya mguu kuona kama damu inafika, kisha anaingiza kijiti cha chuma kidondani taratibu. Kikigonga kigumu, basi maambukizi huenda yameshafika kwenye mfupa. Mimi muda huo naangalia sukari, figo na dawa anazotumia. Uamuzi unatoka hapo hapo. Anakwenda nyumbani na bandeji, au analazwa na anapasuliwa kesho, na insulini tunaanza mchana huu. Zamani maamuzi hayo matatu yangemgharimu mgonjwa kliniki tatu, na kwa anayetoka wilayani hizo ni nauli tatu.

Wazo hilo si letu. Katikati ya miaka ya 2000, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha Tanzania na India mafunzo ya mguu wa kisukari yaliyoitwa Step by Step, na kilichonivutia ni kwamba walimfundisha daktari pamoja na muuguzi wake, wawili wawili, kutoka kituo kimoja. Waliona tulichokuja kukiona sisi baadaye: ukimpeleka daktari peke yake kwenye mafunzo, akirudi anabaki peke yake. Pale kwetu sista wa vidonda ndiye mwenye jicho kuliko sote. Kuna siku alitukatalia mbele ya mgonjwa. Sisi tulikuwa tumeshaamua aende nyumbani, yeye akasema, "Madokta, wekundu huu jana ulikuwa chini ya kifundo." Tukamlaza.

Baada ya miguu, orodha ya upasuaji. Hapa ilibidi tuwavute daktari wa uzazi na watu wa usingizi, na haikuwa rahisi, kwa sababu orodha ya upasuaji ni mamlaka. Anayeipanga ndiye mkubwa. Tukaanzisha kikao cha saa nane mchana, cha kusimama, pale mlangoni pa thieta. Hakina chai wala posho, ndiyo maana ni kifupi. Wanakuwepo daktari wa upasuaji, wa uzazi, mtaalamu wa usingizi na sista kiongozi wa thieta. Mimi nakuja nikiwa na mgonjwa wangu kwenye orodha. Tunapanga ya kesho kwa kuambiana ana kwa ana: huyu ana kisukari, anatangulia, yule hana damu benki, tusimfungishe bure.

Suala la kufunga lilimuudhi zaidi mtaalamu wetu wa usingizi. Kanuni zinazotumika duniani zinataka saa 6 kwa chakula chepesi na saa 2 tu kwa maji matupu, lakini kila wodi ilikuwa inafungisha kila mtu tangu saa sita usiku, hata anayepasuliwa alasiri. Sasa mtu wa usingizi ndiye anayepiga simu wodini. Ikifika saa sita mchana na mgonjwa hajaingia, anaamua yeye: ale, au awekewe dripu. Hakuna tena kubahatisha mpaka saa tisa.

Wapo watakaosema hayo yote yameshaandikwa kwenye orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ile inayosomwa kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa ngozi na kabla ya mgonjwa kutoka. Ni kweli, na Watanzania tuna sehemu yetu ndani yake: kati ya hospitali 8 zilizoijaribu duniani, moja ilikuwa Ifakara. Matokeo yalitolewa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwetu miaka kadhaa. Kuna kipengele kinachotaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake, na sisi tulikuwa tunakiruka kwa kuona ni mchezo wa kitoto, watu tunaojuana. Tulipoanza kukifanya kwa dhati ndipo ilipobainika kwamba daktari wa upasuaji hakuwa anamjua kwa jina kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa amesimama naye meza moja tangu mwezi uliopita. Mtu usiyemjua jina hawezi kukwambia "Dokta, subiri, huo ni mguu wa kushoto."

Vita kubwa ilikuwa ya mgonjwa wa mpakani, yule asiye wa mtu. Tumbo linauma na sukari iko juu. Ameanguka, kichwa kimevimba, na presha ni 220. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na chuo cha pale kikaanza kufundisha mabingwa wa tiba ya dharura. Kidogo kidogo wameanza kuonekana mikoani. Wa kwetu alipofika, binti mdogo wa umri lakini mkali, alituwekea sharti: daktari wa dharura akishaamua wodi, wodi inapokea. Hukubaliani naye? Mpokee kwanza, mtibu, kesho mpigie mwenzako simu mkubaliane kumhamisha. Hakuna kumkatalia mgonjwa mlangoni, na hakuna kumhamisha kwa barua.

Wakubwa walinuna. Mmoja alisema hadharani kwamba hawezi kupangiwa wagonjwa na mtoto. Kilichomtuliza hakikuwa hoja, kilikuwa kaunta buku. Yule binti aliandika kwa mwezi mzima saa ambayo kila mgonjwa wa mpakani alifika na saa aliyopata kitanda, na mbele yake jina la idara iliyomkataa. Halikuwa utafiti, na mwalimu wa takwimu angelicheka. Lakini lilipofunguliwa kwenye kikao cha asubuhi, hakuna aliyetaka jina la idara yake lisomwe kwa sauti wiki inayofuata.

Vitanda navyo. Miaka ile ilikuwa kawaida wodi ya wanaume wagonjwa kulala mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, miguu ikikutana na nyuso. Na ndani ya wodi hiyo hiyo walikuwamo watu waliokwisha kupona, wamevaa mashati yao, mizigo imefungwa, wanasubiri ruhusa. Bingwa anaanza raundi saa nne, anaanza na walio hoi, anawafikia waliopona saa saba. Muhtasari haujaandikwa. Ukiandikwa, dirisha la bima lina foleni. Jioni imeingia, basi la mwisho la wilayani limeondoka, analala tena. Tulichofanya si cha kuandikia makala: tunataja jioni nani anatarajiwa kwenda kesho, kijana wa mafunzo anaandika muhtasari usiku akiwa zamu, na asubuhi hao ndio tunaopita kwanza, dakika mbili mbili. Walio hoi hawapungukiwi kitu, wameshaonwa na daktari wa zamu alfajiri. Mzungu wa nne haujaisha, msimu wa mvua malaria ikipanda unarudi. Ila haupo kila siku.

Lililonifurahisha kuliko yote ni simu. Wilayani kuna matabibu na madaktari wenye uwezo mzuri tu, wanachokosa ni mtu wa kumuuliza. Zamani asiyekuwa na wa kumuuliza aliandika rufaa. Mgonjwa anauza mbuzi, anasafiri, anafika Alhamisi kumbe kliniki ya bingwa ni Jumanne, analala kwa jamaa au kwenye baraza la hospitali. Akionwa, pengine alihitaji kubadilishiwa dozi tu. Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna m-mama, unapiga 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Mwenye kidonda cha mguu hana namba ya namna hiyo.

Tukapata kitochi kimoja cha hospitali. Kinakaa kwa daktari wa ndani aliye zamu wiki hiyo, kinakabidhiwa na chaja yake. Kimeandikwa kwa plasta nyuma: USIKIZIME. Tabibu wa wilayani anapiga, tunazungumza. Wengi hawahitaji kusafiri. Wanaosafiri wanakuja siku inayotakiwa, na vipimo mkononi. Picha za kidonda au za eksirei zinakuja kwenye simu nyingine, bila jina wala sura, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitanii, na hata kama ingekuwa haipo, mguu wa mtu si wa kusambaza.

Kilichokuwa kigumu si teknolojia, ni woga. Vijana walikuwa wanaogopa kutupigia usiku, na walikuwa na sababu. Kuna bingwa mmoja, sitamtaja, aliyekuwa akipokea kwa kusema "Umeua nani?" Tabibu akijibiwa hivyo mara moja hatapiga tena, ataandika rufaa. Tuliwahi kumweleza yule mwenzetu kwa upole, akacheka. Aliyemwezesha kubadilika ni metroni, ambaye alimwambia tu, "Mwanangu, hao unaowafokea ndio watakaokuuguza." Sijui walizungumza nini kingine, lakini sasa anapokea kwa salamu.

Si kila kitu kilishika. Kundi letu la WhatsApp la mabingwa, tulilolianzisha kwa ajili ya kushauriana, lilidumu kama mwezi likiwa la kitabibu. Kisha zikaingia pole za misiba, michango ya harusi, hongera za kipaimara, na video za siasa. Swali la mgonjwa likizama kati ya michango miwili ya send-off halijibiwi. Tulilirudisha kwenye simu ya mdomo. Na saa za mchana bado ni tatizo tusilopenda kulitaja: baadhi ya wenzetu wana kazi za ziada kwenye hospitali binafsi, na mishahara yetu ikiwa ilivyo, siwezi kuwahukumu. Ila kikao cha saa nane kinajua nani hayupo. Tukaruhusu atume mwakilishi, mradi mwakilishi awe na mamlaka ya kuamua. Hilo limesaidia kuliko kugombezana.

Jambo linalonisumbua ni kwamba yote haya yamesimama juu ya watu. Yule mwenzangu wa kantini ameondoka kwenda kusomea ubobezi. Aliyekuja ni kijana mzuri, mkono mwepesi, lakini Alhamisi anaitaka kwa ajili ya ngiri. Ana wagonjwa wa ngiri wanaosubiri miezi, na kwa hesabu zake kliniki ya miguu inamla nusu siku ya thieta. Ana hoja. Ngiri ikinasa inaua pia.

Tumekaa naye, nimemwonyesha kaunta buku, naye kanionyesha orodha yake. Tukakubaliana tujaribu kuihamishia kliniki Jumatatu saa tisa, yeye akitoka kikaoni na mimi nikimaliza wagonjwa wa presha. Tulifurahi, tukampelekea habari sista wa vidonda. Akakataa. Jumatatu mchana ndiyo siku anayopokea bandeji na dawa za kusafishia kutoka stoo, akiziacha zitapokelewa na wodi nyingine, na wiki nzima atakuwa hana kitu. Sasa mwenye stoo naye ameitwa kwenye kikao cha kesho.